Walikale: Gunia moja, ofisi nane, na kompyuta ambazo haziongei

Gunia la kasiterite linapofika Mubi kutoka msituni, kwa utaratibu wa sheria linakuwa limeandikwa tayari. Wakala wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia uchimbaji mdogo, ameandika uzito wake kule chimboni na kulifunga etiketi ya plastiki yenye namba. Negosia akilinunua, litapimwa tena na kufungwa etiketi ya pili. Baadaye kontwari italiandika katika vitabu vyake, CEEC itapima mzigo na kutoa cheti, idara ya mapato ya jimbo itadai haki yake, na forodha, DGDA, itaingiza tani hizo katika kompyuta zake kabla lori halijavuka mpaka.

Gunia ni moja, lakini kila ofisi ina daftari lake, na madaftari hayo hayaonani. Namba iliyoandikwa kwa bik chimboni inasafiri kwa pikipiki, inakaa mezani, kisha inaingizwa na mtu mwingine katika programu nyingine, siku au wiki kadhaa baadaye. Kama uzito wa kwanza na uzito wa mwisho haulingani, mara nyingi hakuna mtu anayejua mpaka mzigo umekwisha kuuzwa.

Kwa mkaaji wa Mubi, hili linaweza kuonekana kama jambo la maofisa na mafundi wa kompyuta. Lakini kwa zaidi ya miaka 15 limekuwa likigusa bei ya kilo, na hata kama kilo hiyo itauzika. Kila mara serikali au wanunuzi wa ng'ambo waliposhindwa kutenganisha gunia safi na gunia chafu, walichukua njia rahisi: kufunga yote.

Kufunga yote: somo la 2010

Wazee wa biashara katika Walikale wanakumbuka vizuri. Baada ya kasiterite kugunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mubi na Ndjingala vilikua haraka. Wabebaji walitembea msituni na mizigo mgongoni, na ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami Kilambo, zikapakia mawe na kuyapeleka Goma. Sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu Kaskazini ilipita njia hiyo. Wakati huohuo wenye silaha walikuwa wakitoza kodi juu ya kila mzigo. Hadi 2009 walikuwa askari wa brigedi ya 85, wapiganaji wa zamani wa Mai-Mai ambao hawakuwa wamechanganywa katika jeshi.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zinazouza hisa huko zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani, na zimepitia mikono gani. Septemba mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wote katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Marufuku hayo yaliondolewa Machi 2011.

Miezi hiyo 6 haikuuliza nani alikuwa akichimba kwa amani na nani alikuwa akilipa bunduki. Aliyekuwa na mkopo wa duka alibaki na mkopo. Hakukuwa na njia ya kuonyesha kwamba gunia hili lilitoka pahali pazuri na lile pahali pabaya, na kwa hiyo yote mawili yalionekana mabaya.

Etiketi zililetwa kwa sababu hiyo. Mpango wa ITSCI, ulioanzishwa na watu wa viwanda vya bati na tantalamu, ulianza kazi Kongo 2010, ukasimama kwa marufuku, kisha ukaendelea Katanga 2011 na baadaye katika Kivu. Desemba 2010, mjini Lusaka, marais wa Kongamano la Kimataifa la nchi za Maziwa Makuu, CIRGL, walikubali utaratibu wa pamoja: cheti kimoja cha kanda, na hifadhi moja ya data ya kufuata madini kutoka chimbo hadi mpaka. Machimbo yakapewa rangi: kijani, manjano na nyekundu.

Kwenye karatasi, mnyororo umekamilika. Kwenye kompyuta, pete zake hazijashikana vizuri.

Masisi: mifumo miwili, kilima kimoja

Mfano ulio wazi zaidi uko jirani, Masisi. ITSCI iliingia Rubaya 2014. Lakini kuanzia 2019 kampuni ya SMB, iliyokuwa na kibali cha eneo kubwa la koltani huko, iliacha ITSCI na kuhamia mpango mwingine, ambao leo unaitwa Better Mining na unatumia simu kukusanya data. Eneo la jirani, lililo chini ya kampuni ya serikali SAKIMA, lilibaki na ITSCI.

Kuanzia hapo, katika vilima vinavyopakana, kulikuwa na etiketi za aina mbili, hifadhi mbili za data na seva mbili. Mchimbaji alihitaji kutembea kidogo tu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kundi la wataalam wa Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba madini ya eneo la SMB yalikuwa yakivushwa na kufungwa etiketi za eneo la SAKIMA. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha ripoti likidai kwamba etiketi za ITSCI zilitumiwa kusafisha madini ya magendo. ITSCI ilikataa tuhuma hizo. Hata hivyo, Oktoba 2022, RMI, muungano wa kampuni za kimataifa unaohusika na madini, uliiondoa ITSCI katika orodha ya mipango unayoitambua.

Tuangalie jambo hili kwa macho ya kompyuta. Mfumo wa kwanza ulikuwa na habari ya kilo zilizotoka upande wa SMB. Mfumo wa pili ulikuwa na habari ya kilo zilizotoka upande wa SAKIMA. Kama upande mmoja unashuka na mwingine unapanda wiki ileile, bila wachimbaji kuongezeka, hiyo ni alama ya hatari ambayo hata programu ndogo inaweza kuiona. Lakini hakuna programu inayoona kitu kilicho katika seva mbili zisizounganishwa. Wataalam walilazimika kwenda vilimani, kuuliza watu na kuandika ripoti iliyotoka miezi mingi baadaye.

Kisha vita vikafika. M23 iliteka Rubaya mwisho wa Aprili 2024, na ITSCI ikasimamisha kazi Masisi. Desemba 2024 wataalam wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilipata dola 800 000 kwa mwezi kutokana na kodi za koltani ya Rubaya, na kwamba tani 150 au zaidi zilikuwa zimevushwa kwa magendo kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Februari 2025 Waziri wa Madini wa wakati huo, Kizito Pakabomba, aliweka machimbo ya Masisi na Kalehe katika rangi nyekundu kwa miezi 6. Baadaye muda huo ukaongezwa.

Hapa ndipo Walikale inaguswa. Masisi na Walikale zinapakana, na njia za msituni ni nyingi. Gunia lenye rangi nyekundu Masisi likipata etiketi ya Walikale, linageuka kijani bila mtu kulisafisha. Na mnunuzi wa mbali akisikia hivyo, hatauliza lililotoka Mubi ni lipi na lililotoka Rubaya ni lipi. Ataacha kununua kutoka wilaya zote mbili. Mchimbaji wa Walikale aliyefuata sheria atalipa deni la njia ambayo hakuipita.

Kuunganisha maana yake nini

Wengi wakisikia "kuunganisha mifumo", wanafikiri serikali itanunua kompyuta moja kubwa na kuwaambia watu wote waitumie. Njia hiyo imeshindwa katika nchi nyingi, kwa sababu kila ofisi ina sheria zake, na hakuna mkubwa anayependa kuacha daftari lake. Kuunganisha vizuri ni kitu kingine: kila ofisi inabaki na programu yake, lakini programu hizo zinaulizana na kujibizana zenyewe, bila mtu kunakili namba kwa mkono.

Estonia, nchi ndogo ya Ulaya, imefanya hivyo tangu 2001 kwa mfumo unaoitwa X-Road. Idara ya kodi haina nakala ya daftari la raia. Ikihitaji jina au anwani, inauliza, inajibiwa, na swali lenyewe linaandikwa ili ijulikane nani aliuliza nini.

Karibu zaidi nasi, Tanzania imepita njia hiyo kwa pesa za simu. Mwaka 2014, Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja. Vodacom ikaingia 2016. Mwanzoni ilikuwa mikataba ya wawili wawili: kila kampuni ilijenga njia yake kwenda kwa mwenzake. Baadaye Benki Kuu ya Tanzania ilijenga TIPS, kituo kimoja cha katikati ambapo kila mmoja anaunga waya wake mara moja tu.

Tofauti ya njia hizo mbili ni hesabu ya shule ya msingi. Ukihesabu ofisi zinazoshika habari za madini ya Masisi na Walikale, unapata SAEMAPE, Divisheni ya Madini, mipango miwili ya etiketi, idara ya mapato ya jimbo DGRNK, CEEC, DGDA na CIRGL. Hizo ni 8. Zikiunganishwa mbili mbili, zinahitaji njia 28, na kila moja ikibadilisha programu yake, njia 7 zinaweza kukatika siku hiyohiyo. Zikiunganishwa kupitia kituo cha katikati, zinahitaji njia 8 tu.

Lakini kabla ya waya, kuna kazi ya kukubaliana juu ya majina. Chimbo moja likiitwa jina moja kwa SAEMAPE, likaandikwa kwa herufi tofauti kwa CEEC, na likawekwa chini ya kijiji kingine katika daftari la mapato, kompyuta itaona machimbo matatu. Uzito ukiandikwa kwa kilo pahali pamoja na kwa tani pahali pengine, kompyuta haitajua kwamba 1 na 1000 ni kitu kimoja. Kila chimbo lazima lipate namba moja ambayo ofisi zote zinaitumia, kila etiketi vilevile, na kila negosia vilevile. Kazi hii haina sherehe wala kukata utepe, na kwa sababu hiyo mara nyingi inarukwa.

Kasi: gunia halitangoji rezo

Tuseme sasa mambo hayo yote yamekubaliwa. Bado kuna swali ambalo wenye kuandika miradi Kinshasa au Ulaya wanalisahau: mfumo huo utafanya kazi kwa haraka gani, Mubi?

Kila mtu anayetumia pesa za simu anajua jibu. Ukimlipa mwenye duka, ujumbe unafika baada ya sekunde chache, naye anakupa mzigo wako. Siku ujumbe ukichelewa nusu saa, mambo mawili yanatokea: watu wanagombana, au wanarudi kwa pesa za mkononi. Ndivyo itakavyokuwa kwa etiketi. Kama wakala anapaswa kungoja rezo ili aulize Kinshasa kama namba ni ya kweli, na rezo haipo tangu asubuhi, motari mwenye gunia hatalala pale. Atatafuta njia nyingine, au atampa wakala kitu kidogo ili asiulize. Mfumo uliojengwa kuzuia magendo utakuwa umemfundisha mtu mwaminifu kukwepa.

Kuunganisha bila kutunza kasi, basi, ni kumsaidia mwenye hila. Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa. Ni kutenganisha maswali ya haraka na maswali yanayoweza kungoja.

Maswali ya haraka ni mawili tu: namba hii ilitolewa kweli kwa chimbo hili? Na je, imekwisha kutumika? Kuyajibu hakuhitaji rezo kila dakika. Rekodi moja yenye namba, chimbo, uzito na tarehe ni herufi mia chache tu. Rekodi 10 000 za namna hiyo zinaingia katika nafasi inayochukuliwa na picha moja nzuri ya simu. Wakala anaweza kupakua orodha ya wilaya nzima usiku, rezo inapokuwa nzuri, na asubuhi akaikagua ndani ya simu yake bila kuuliza mtu. Karatasi ya mzigo inaweza pia kuwa na saini ya kompyuta, yaani alama inayofanya kazi kama muhuri wa ofisi, ambayo simu inaitambua yenyewe hata katikati ya msitu.

Maswali yanayoweza kungoja ni yale makubwa: chimbo hili limetoa tani ngapi mwezi huu? Je, zinalingana na idadi ya wachimbaji? Kilo zilizotoka Mubi ndizo zilizofika kwa kontwari? Tani zilizopewa cheti na CEEC ndizo zilizoandikwa na DGDA mpakani? Hesabu hizo zinaweza kufanywa usiku, au mara moja kwa wiki, na majibu yakarudi kama orodha fupi ya mambo ya kuchunguza.

Kwa mfano, chukua chimbo lenye wachimbaji 20, kila mmoja akiwa na uwezo wa kutoa kilo 5 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi, hiyo ni kilo 2500. Kama etiketi za chimbo hilo zinaonyesha kilo 9000 kwa mwezi, hakuna haja ya mtaalamu kutoka New York. Mtu anapaswa kwenda kuangalia kilo 6500 zimetoka wapi.

Njia hii ya kufanya kazi bila rezo kisha kutuma baadaye si ngeni kwetu. Wizara ya afya ya Kongo inatumia programu ya DHIS2 kukusanya habari za magonjwa kutoka kanda za afya, na programu hiyo ina toleo la simu linaloandika habari bila rezo na kuzituma rezo ikirudi. Kinachowezekana kwa surua na malaria kinawezekana kwa kasiterite.

Kuna hatari moja ya kukubali. Wakati rezo haipo, namba moja inaweza kutumiwa pahali pawili siku moja, na itagunduliwa tu simu zote zitakapotuma habari. Kwa hiyo gunia lililokaguliwa bila rezo linapaswa kutembea na alama ya muda, na kuthibitishwa katika kituo kinachofuata chenye rezo, kabla ya kuchanganywa na mengine. Mzigo unaendelea na safari, lakini haujasahauliwa.

Kompyuta inaamini ilichoandikiwa

Tusidanganyane, hata hivyo. Mifumo yote 8 ikiunganishwa kwa kasi nzuri, bado kila kitu kinaanza na mtu mmoja aliyesimama kwenye matope akiwa na mzani. Kama wakala huyo halipwi vizuri, au kuna mwenye bunduki nyuma yake, ataandika anachoambiwa. Uongo wake utasafiri hadi mpakani kwa sekunde chache, ukiwa na muhuri wa kila ofisi. Kompyuta haijui kama kilo ni za kweli. Inajua tu kama namba zinalingana.

Lakini kulinganisha kuna nguvu yake. Leo mdanganyifu anahitaji kudanganya daftari moja. Mifumo ikiunganishwa, itabidi adanganye mzani wa chimboni, mzani wa negosia, kitabu cha kontwari na cheti cha CEEC, na uongo huo uwe sawa kila pahali. Inawezekana, lakini ni kazi zaidi, watu zaidi na pesa zaidi.

Jambo la pili ni usalama. Daftari linaloonyesha tani ngapi ziko ghala gani ni ramani nzuri kwa polisi, na ni ramani nzuri kwa mwenye silaha pia. Goma ilianguka mwisho wa Januari 2025, na serikali ya jimbo ikaanza kufanya kazi kutoka Beni. Machi 13, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wake wa bati wa Bisie. Machi 19, M23 iliingia Walikale-centre. Mwanzoni mwa Aprili waasi waliondoka, na Aprili 9 kampuni ikatangaza kurudi kazini hatua kwa hatua. Ndani ya wiki chache, barabara hii ilibadilisha mabwana mara mbili.

Mfumo wowote uliounganishwa lazima uwe tayari kwa siku kama zile. Nakala za data zisikae katika mji mmoja. Kila ofisi ione kile tu inachohitaji. Na chimbo au ghala likiangukia mikononi mwa wenye silaha, namba zake zifungwe saa ileile katika simu zote, ili etiketi zilizobaki pale zisiwe na thamani kuliko plastiki yake. Kwa karatasi, habari kama hiyo inachukua wiki. Hapo ndipo kuunganisha kwa haraka kunaweza kuleta faida kubwa kuliko yote: kufunga chimbo moja leo, badala ya kufunga wilaya nzima baada ya miezi 6.

Nani anafaidika?

Swali la mwisho ni la pesa. Ada za etiketi zinalipwa na wasafirishaji, lakini msafirishaji anazitoa katika bei anayompa negosia, na negosia anazitoa katika bei anayompa mchimbaji. Mradi mpya wa kompyuta ukija na ada mpya, atakayeubeba ni yuleyule aliyebeba gunia. Serikali ikitaka mifumo iunganishwe, ipunguze kwanza kazi ya kurudiarudia: gunia lililopimwa vizuri mara moja halihitaji kulipiwa kupimwa na ofisi tatu.

Na wakaaji wapate kitu cha kuona kwa macho yao. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwamba katika haki ya madini inayolipwa na kampuni, asilimia 50 inaenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa sekta au utemi ambamo madini yanachimbwa, na 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Bisie si chimbo dogo: mwaka 2024 Alphamin ilitoa zaidi ya tani 17 000 za bati, kutoka wilaya ambayo magari bado yanazama katika tope. Lakini mtu wa kawaida atajuaje kama asilimia 15 imehesabiwa juu ya tani za kweli? Tani ziko katika daftari la kampuni, la CEEC na la DGDA. Malipo yako katika daftari la mapato. Mifumo ikiongea, hesabu hiyo inaweza kutoka kila mwezi yenyewe, ukurasa mmoja, na kubandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya sekta.

Kwa hiyo, siku mjumbe wa serikali au wa shirika atakapokuja Mubi na kusema kwamba mfumo mpya wa kompyuta umefika, mashirika ya raia, viongozi wa kimila na vyama vya wachimbaji wamuulize maswali manne. Utafanya kazi siku rezo haipo? Utaongea na mifumo iliyopo, au ni daftari la tisa? Chimbo likitekwa, namba zake zitafungwa baada ya saa ngapi? Na ada yake atailipa nani?

Akijibu yote manne kwa maneno yanayoeleweka, inafaa kumsikiliza. Akishindwa, wachimbaji na manegosia wa Walikale wanajua tayari itakavyokuwa: etiketi nyingine juu ya gunia lilelile, na gunia likingoja barabarani.